Ukiulizwa Zahanati Kuhusu Sigara, Usifiche

Mwezi huu tuongee juu ya tumbaku: sigara, kiko na ugoro.

Kijijini kwetu kambini yupo mzee mmoja, tunamwita Babu. Mwaka jana alikohoa sana, akaenda kupimwa. Aliyempokea alimgombeza mbele ya foleni nzima kwa sababu ya harufu ya sigara. Babu aliona aibu, akaondoka bila kupimwa. Tangu siku hiyo akawa anavutia nyuma ya choo, na kikohozi kikabaki palepale.

Jamani, hilo ni jambo la hatari. Moshi wa tumbaku unaongeza uwezekano wa kupata kifua kikuu. Mwenye kikohozi akiikimbia zahanati, nyumba nzima iko mashakani.

Kumbe kumsaidia mtu aache tumbaku ni kazi ya kujifunza. Shirika la Afya Duniani linawafundisha wahudumu wa afya hatua 5, ambazo huchukua dakika 3 hadi 5 tu:

1. Kumwuliza kila mgonjwa kama anatumia tumbaku.
2. Kumshauri aache, kwa maneno ya wazi na ya heshima.
3. Kupima kama yuko tayari.
4. Kumsaidia kupanga siku ya kuacha.
5. Kupanga naye siku ya kuonana tena.

Hatua ya 5 isisahauliwe. Nikotini inaufanya mwili uizoee. Mtu akiacha, siku za kwanza anakuwa na hasira, usingizi unapotea, hamu inamsumbua. Kwa wengi hali hiyo inapungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Hapo ndipo anahitaji mtu wa kumwuliza, "Unaendeleaje?"

Mwaka 2024 Shirika hilo lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa matibabu ya kuacha tumbaku kwa watu wazima. Unasema ushauri pamoja na dawa ndivyo vinavyosaidia zaidi. Lakini hata pasipokuwa na dawa, ushauri mfupi unasaidia.

Na Babu je? Mhamasishaji wa afya aliyefundishwa hatua hizo alimtembelea nyumbani. Hakumgombeza. Aliuliza, akasikiliza, wakachagua siku. Babu alikwenda kupimwa. Mara moja alirudia sigara, mhamasishaji akamwambia, "Tuanze tena, Babu." Leo amemaliza migao mitatu ya chakula bila kuvuta.

Nasi nyumbani tuna kazi. Tusimcheke anayejaribu. Tusivutie ndani, maana nyumba zetu ni ndogo na watoto wanavuta moshi huohuo. Na sisi walimu tunawaomba: msiwatume wanafunzi kununua sigara moja moja sokoni. Wanajifunza njiani.

Wahenga walisema mazoea yana taabu. Ni kweli, ila taabu ya watu wengi si sawa na taabu ya mtu mmoja. Ukiulizwa zahanati, sema ukweli. Na wewe unayeuliza, uliza kwa upole.