Kitabu Kimefika, Je, Kimesomeka?

Maneno mawili huchanganywa sana katika ripoti za elimu. Ufuatiliaji ni kuangalia kama kazi iliyopangwa inafanyika: vitabu vimenunuliwa, vimefika shuleni, vimegawiwa. Tathmini huuliza jingine: je, mwanafunzi amenufaika, na ni vitabu hivyo vilivyomnufaisha? Kazi za mtathmini zinaonekana vizuri katika mradi wa mwaka 1996 huko Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, ambako shule za msingi zenye uhaba zilipewa vitabu vya kiada. Waliotathmini ni Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin.

Kazi ya kwanza ni kuunda swali. Mradi ule ulijengwa juu ya mantiki hii: vitabu vikifika vitasomwa, vikisomwa vitaeleweka, vikieleweka, alama zitapanda. Kila hatua ni jambo lililodhaniwa tu, na mtathmini huziandika zote kabla hajapima chochote.

Kazi ya pili ni kutafuta ulinganisho. Alama zinaweza kupanda kwa sababu ya mwalimu mpya au mtihani mwepesi. Kwa hiyo shule 100 ziligawanywa katika makundi manne, kwa utaratibu usiojali ubora wa shule wala ushawishi wa mtu. Shule 25 zilipata vitabu mwaka wa kwanza. Nyingine zikawa kipimo. Hapa unahitajika ujuzi wa sampuli, pamoja na uvumilivu wa kumweleza mwalimu mkuu kwa nini shule yake isubiri.

Kazi ya tatu ni kukusanya na kuchambua takwimu. Wastani wa alama haukupanda. Mwenye haraka angefunga jalada hapo. Watafiti hawa waliwapanga wanafunzi kulingana na alama zao za awali, ndipo ikaonekana kwamba waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo walinufaika, na wengine karibu hawakuguswa.

Kazi ya nne ni kueleza sababu, na hapa hesabu peke yake haitoshi. Vitabu vile vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa huko ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Mtoto aliweza kuwa na kitabu mbele yake, ukurasa ni ule ule wa mwalimu, kidole kikifuata mstari, na bado asiambulie kitu. Hatua iliyokatika ni ya kuelewa.

Kazi ya mwisho ni kuripoti, kwa lugha ambayo mfadhili na mzazi wote wataielewa, bila kuficha lisilopendeza.

Ukizipima kazi zote hizi, ujuzi wa takwimu ni wa lazima, lakini si kiini. Kiini ni kuuliza: wastani huu ni wa nani? Asiyeuliza hivyo amehesabu vitabu, hajatathmini elimu.