Nyiragongo: Goma inapanda mlima, mashamba yanapungua

Wakaaji wengi wa wilaya ya Nyiragongo, kaskazini mwa Goma, wanalala kijijini lakini pesa yao iko mjini. Kabla jua halijatoka, barabara ya taifa namba 2 imeshajaa: wamama wenye mizigo mgongoni, motari wenye abiria wawili ao watatu, na chukudu zinazoteremka kutoka Kibumba na shu, karote, viazi na magunia ya makala.

Kibumba iko zaidi ya kilomita 20 kutoka Goma, tena juu kuliko mji, kwa hiyo mteremko ndio injini. Chukudu ni mbao ngumu, magurudumu mawili yaliyovikwa mpira wa tairi, na kipande kingine cha mpira ambacho mwendeshaji anakanyaga juu ya gurudumu la nyuma ili kupunguza mwendo. Inabeba mamia ya kilo. Taabu iko kwenye kurudi, maana ni kuisukuma mlima mzima, hata ikiwa tupu. Goma imewajengea vijana hawa sanamu yenye rangi ya dhahabu, na wanastahili: bila wao mboga nyingi hazingefika sokoni.

Kukaa kijijini kuna faida. Nyumba ni ya familia, hakuna mwenye nyumba anayegonga mlango mwisho wa mwezi, na maharagi ya chakula yanatoka nyuma ya jiko. Shida kubwa ni maji. Udongo wa volkano unazaa vizuri, lakini mawe yaliyo chini yake yanameza mvua yote, na mito hakuna. Watu wanakinga maji ya mvua kwenye mabati. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, bidoni ya lita 20 inatafutwa mbali ao inanunuliwa, na mara nyingi wanaotumwa ni wasichana. Ajabu ni kwamba ziwa Kivu linaonekana pale chini.

Lakini jambo linaloweza kubadilisha maisha haya kabisa ni udongo. Nyiragongo ndiyo wilaya ndogo kuliko zote za Kivu ya Kaskazini. Upande mmoja kuna Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ambamo kulima kunakatazwa. Upande mwingine kuna mpaka wa Rwanda. Kusini kuna Goma, na Goma ndiyo inayosogea. Munigi na Buhene, kwa macho ya mpita njia, ni mitaa ya mji tayari, ijapokuwa ziko chini ya usultani wa Bukumu.

Mwenye shamba anayelikata parseli anapata pesa ya mara moja: ada ya shule, mabati, pengine pikipiki. Msimu unaofuata anatafuta shamba la kukodi, mbali zaidi na barabara. Hapo anakuwa kama mkaaji yeyote wa mjini anayenunua kila kitu, ila yeye bado hana maji. Kumlaumu ni rahisi kwa mtu asiye na watoto wanne shuleni.

Barabara hiyo moja ikikatika, pande zote mbili zinaumia. Tarehe 22 Mei 2021 moto wa Nyiragongo uliifunika, ukaunguza nyumba za Buhene na kusimama mlangoni mwa Goma. Mwishoni mwa 2022 ilikuwa vita: watu wa Kibumba waliacha mboga shambani wakakimbilia Kanyaruchinya, kwenye vibanda vya turubai vilivyosimamishwa juu ya mawe meusi.

Waliorudi wamelima tena. Wengine walipofika walikuta jirani ameshauza, na mahali pa viazi pana msingi wa nyumba.