Programu ya Bure ya Kufunga Faili: Utaiaminije?

Tuseme wewe ni mweka hazina wa chama hapa Machakos. Kwenye laptopu yako kuna nakala za vitambulisho vya wanachama, nambari zao za simu na rekodi ya nani ametuma pesa ngapi. Sasa laptopu iibwe kwenye matatu ya Nairobi. Mwizi akimpigia mama mmoja wa chama, amtajie jina kamili, nambari ya kitambulisho na kiasi alichotuma mwezi jana, mama ataamini kweli anaongea na sisi.

Kinga yake ni kusimba faili, yaani kuzifunga kwa neno siri ili asiyelijua asiweze kusoma chochote. Programu za kazi hiyo ziko nyingi, na kuna za bure. Je, ya bure inaaminika?

Tazama kisa cha TrueCrypt, programu ya kompyuta iliyotoka 2004. Ilitumika sana duniani, ingawa waliyoitengeneza hawakujitaja majina. Mei 2014 wakaiacha ghafla, wakaonya kwamba si salama. Wataalamu wa nje walikuwa wameshaanza kuikagua. Ripoti yao ya Aprili 2015 haikuonyesha mlango wa siri uliowekwa makusudi, ila kasoro zilikuwepo. Lakini fundi ameshaondoka, nani angezirekebisha?

Mrithi wake, VeraCrypt, pia ni ya bure. Ilipokaguliwa 2016 ilikutwa na matundu makubwa, na mengi yakazibwa katika toleo la 1.19. Kwa hivyo usiogope programu kwa sababu ilikutwa na kasoro. Ogopa ile inayojisifu tu na hakuna mtu wa nje aliyewahi kuichungulia ndani.

Kabla hujapakua, jiulize:

1. Msimbo wake uko wazi, na kuna wakaguzi huru walioupitia?

2. Bado inatunzwa? Angalia tarehe ya toleo la mwisho.

3. Unaitoa wapi? Tumia tovuti rasmi ya watengenezaji, si linki ya WhatsApp wala flashi ya saiba.

4. Inataka ruhusa gani? Programu ya kufunga faili haina kazi na SMS zako. Ikikuuliza PIN yako ya pesa, ifute hapo hapo.

Ukishachagua, jaribu kwanza na faili moja isiyo na maana: ifunge, zima kompyuta, kisha uifungue tena. Neno siri likipotea, hakuna wa kukurudishia, hata sisi hatuwezi. Liandike, uliweke mahali salama mbali na laptopu.

Na tafadhali, lisiwe PIN yako ya pesa. Tarakimu nne zina michanganyiko 10,000 tu, na kompyuta haichoki kuijaribu yote. Tumia maneno kadhaa yasiyohusiana, ambayo hata jirani yako hawezi kubahatisha.