KUHAMISHA HESABU ZA DEPO KWENYE «WINGU»

Wenzetu wa sekta ya biashara wameuliza mara nyingi maana ya «klaudi», ndiyo kusema wingu. Wanasikia watu wa mji wanasema: «Hesabu zetu ziko mu wingu sasa.» Wengine wanazani ni kitu kinachoelea angani. Apana. Ni ordinatere za watu wengine, zimepangwa kwa maelfu mu nyumba kubwa zenye umeme usiku na mchana, na tunalipa ili zituchungie kazi yetu. Jina lilitoka kwa mainjinia: walipochora rezo ya mbali walichora wingu tu, bila kuonyesha kila waya. Kampuni Amazon ilianza kukodisha nafasi namna hii mwaka 2006. Tangu 2019 Microsoft iko na nyumba za namna ile Johannesburg na Cape Town, kwa hiyo hesabu za Afrika hazilazimishwi tena kulala Ulaya.

Tutwae mfano wa depo moja ndogo ya simenti na mabati. Iko na ordinatere moja pembeni ya kesi. Ndani mwake muko stoki, fakture, na kile patroni anachopenda kuliko vyote: liste ya wadeni. Mtu alitwaa mifuko 40, akalipa nusu. Ile nusu nyingine iko mu masini tu. Mwivi akibeba masini, ao umeme ukirudi kwa nguvu na kuunguza diski, simenti imekwisha kwenda na deni limekufa. (Mkristo mwema atakuja kulipa hata bila karatasi, lakini depo haiuzie Wakristo wema peke yao.) Wakubwa wa Goma wanajua zaidi: tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji wa biashara, na maduka mengi yaliungua pamoja na vyote vilivyobaki ndani. Liste inayochungwa mbali haiungui na duka. Hapo ndipo wingu linasaidia kweli.

Lakini ukihama, unapata hatari zingine. Ya kwanza ni rezo. Kisha uchaguzi, tarehe 31 desemba 2018, serikali ilikata intaneti mu inchi yote, karibu siku 20. Mwezi wa 8 mwaka 2023, kamba ya baharini WACS ilikatika karibu na kinywa cha mto Kongo. Siku kama zile, depo iliyoweka vyote mbali haioni hata deni moja, na mteja amesimama mbele ya kesi! Kwa hiyo muchague programu inayoendelea kuandika bila rezo, halafu inatuma rezo ikirudi. Muuzaji asipokubali kuionyesha mbele yenu na rezo imezimwa, musinunue.

Ya pili, wingu lenyewe linaweza kuungua. Tarehe 10 mwezi wa 3, 2021, moto uliteketeza nyumba moja ya kampuni OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa. Wateja waliokuwa na kopi pahali pengine waliendelea na kazi. Wale hawakuwa nayo, wengine walipoteza vyote. Basi kila juma mutie kopi mu flashi, na flashi isilale mu depo. Na mara moja kwa mwezi mujaribu kuifungua, sababu kopi isiyofunguka haina kazi.

Sasa, kuhama kwenyewe. Watu wanazani ni kufinya buto moja tu. Tuhesabu: depo iko na giga 20, zaidi ni picha za fakture. Rezo inapeleka megabiti 2 kwa sekunde. Okte moja ni biti 8, basi giga 20 ni megabiti 160.000, ndiyo sekunde 80.000, karibu saa 22 bila kukatika. Na grupe inakula mafuta wakati huo wote. Kwa hiyo muanze na liste ya wadeni na stoki, ambazo ni nyepesi. Picha zifuate usiku kwa usiku.

Jambo ambalo linaharibu zaidi ni jina. Mara nyingi mjomba anamwita mmoja wetu, «wewe unajua masini,» na kijana anafungua konti kwa jina lake na telefone yake. Mwaka unaofuata anaenda Kisangani kusoma, telefone inapotea, na depo haiwezi tena kuingia mu hesabu zake. Konti ifunguliwe kwa jina la depo, neno la siri liandikwe mu bahasha na kufungwa mu kofre ya patroni. Siku ya kulipa abonema iandikwe pia ukutani, sababu wasiolipwa wanafunga mlango.

Masini ya zamani ifanye kazi pamoja na wingu mwezi mmoja ao miwili, na kila jioni kontable alinganishe jumla za pande mbili. Zikipatana, ipumzike. Ikiuzwa, diski itolewe kwanza: kufuta fishie tu hakutoshi, zinabaki ndani mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na mnunuzi anaweza kusoma nani alikuwa na deni la nani.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho