Tundu Lipi la Kuchomeka Kibanio

Mafundi simu wana bisibisi za kila aina, lakini mteja akitaka kubadili laini, mara nyingi kinachoshikwa kwanza ni kibanio cha karatasi kilichonyooshwa ncha. Waya wake, hasa wa vibanio vidogo, hauzidi sana milimita 1. Vile vinene havipiti.

Ndani ya tundu la trei ya laini kuna wenzo mdogo: ukisukumwa upande mmoja, upande wa pili unaitoa trei nje. Basi sukuma kibanio kikiwa kimenyooka, bila kukizungusha. Trei ikigoma, usiongeze nguvu kabla hujaangalia tena tundu lenyewe. Simu nyingi zina tundu la maiki ukingoni, na kwa macho matundu hayo ni pacha. La trei kwa kawaida limo ndani ya ule ufa mwembamba unaoizunguka trei; la maiki liko peke yake. Ukilichoma hilo la pili, maiki inaweza kuharibika, nawe utabaki kuulizwa kila ukipiga simu, “Haloo, mbona husikiki?”

Kwenye ruta, kitufe kimefichwa tunduni makusudi. Ukikishikilia kama sekunde 10, ruta nyingi husahau kila kitu, na nywila inarudi kuwa ile ya kwenye kibandiko.

Kazi ninayoiheshimu zaidi ni ya pawa saplai ya kompyuta ya mezani. Kompyuta haiwaki: tatizo ni pawa saplai au mazabodi? Chomoa umeme ukutani, tenganisha nyaya zote za pawa saplai na kompyuta, kisha kunja kibanio kama herufi U. Kwenye plagi ya pini 24, ncha moja iingie penye waya wa kijani, nyingine penye mweusi wowote. Ndipo urudishe umeme. Pawa saplai itadhani mazabodi imeiamuru iwake, na feni itazunguka. (Nyaya zote zikiwa nyeusi, usibahatishe, tafuta kwanza mchoro wa pini.) Hata hivyo, feni kuzunguka si cheti cha uzima. Volti 12 za waya wa njano, 5 za mwekundu na 3.3 za rangi ya chungwa hupimwa kwa mita.

Boksi lenyewe usilifungue. Kapasita zake huweza kubaki na mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa ukutani.