Gichiaro huzuia damu kumwagika, ila hakiwezi kuchora mpaka

Kila mara mzozo wa ardhi unapozuka kati ya Watharaka na majirani zao wa Tigania na Igembe, au kati ya Waembu na Wambeere, wapo wanaoilaumu mila na wapo wanaoitegemea. Wale wa kwanza husema kwamba mila ndiyo iliyowafunza vijana kupigana. Wale wa pili huamini kwamba wazee wakiachiwa nafasi, amani itarejea. Historia ya mashariki ya Mlima Kenya yaonyesha kwamba pande zote mbili zina sehemu ya ukweli.

Kabla ya Waingereza kuwashinda Waembu mwaka wa 1906 na kuweka kituo chao Meru muda mfupi baadaye, jando ndilo lililomfanya kijana kuwa askari wa jamii yake. Rika jipya lilitazamiwa kudhihirisha ushujaa, na njia mojawapo ilikuwa kuvamia majirani na kuteka mifugo. Mifugo hiyo ndiyo iliyolipiwa mahari. Kwa hivyo uvamizi haukuwa wizi mtupu machoni mwa wenyewe, bali sehemu ya safari ya kijana kuelekea ndoa na heshima.

Hata hivyo, mila hizo hizo zilikuwa na breki zake. Miongoni mwa jamii za Meru na Tharaka kulikuwa na gichiaro, yaani undugu wa kiapo baina ya koo au jamii nzima. Watu wa gichiaro hawakuruhusiwa kumwagiana damu wala kuoana, na mmoja hakupaswa kumnyima mwenzake alichoomba. Aliyekiuka aliogopa laana. Undugu huu ulikuwa na manufaa makubwa wakati wa ukame, kwa kuwa mtu wa nyanda kavu za Tharaka aliweza kupanda kwa ndugu zake wa milimani kuomba chakula bila ya kuogopa mkuki.

Mambo yalibadilika ardhi ilipoanza kupimwa na kusajiliwa. Zamani mpaka ulikuwa mto, kilima au mti, na malisho yaliweza kutumiwa na zaidi ya jamii moja. Hatimiliki haijui ukarimu wa aina hiyo: huandikwa jina la mwenyewe, na wengine wote huwa wageni.

Mfano ulio wazi ni wa Mbeere. Baada ya Sheria ya Uamuzi wa Haki za Ardhi ya mwaka wa 1968, koo zilichanga fedha za kesi na kuwatafuta wazee waliokumbuka mababu walilima wapi. Mwanaanthropolojia Jack Glazier, aliyeandika kuhusu jambo hilo mwaka wa 1985, alieleza jinsi masimulizi ya kale yalivyogeuzwa ushahidi. Simulizi zilizokuwa zikiwaunganisha watu zikawa silaha mahakamani.

Mipaka ya utawala nayo iliongeza uzito. Wilaya ya Tharaka-Nithi ilitengwa na Meru mwaka wa 1992, na Mbeere ikatengwa na Embu mwaka wa 1996. Kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013, mstari wa mpaka ukawa na maana ya bajeti, ajira na kura.

Hapa ndipo uwezo wa wazee unapofikia kikomo. Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 chazitambua njia za kijadi za kusuluhisha migogoro, mradi zisikiuke haki za binadamu. Lakini kwa mujibu wa Kifungu cha 188, mpaka wa kaunti hauwezi kubadilishwa bila ya tume huru kupendekeza, na thuluthi mbili ya Bunge la Taifa pamoja na thuluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti kuidhinisha. Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Meru lenye makao yake Nchiru, haliwezi kufanya kazi hiyo. Tena baraza likionekana kuegemea upande mmoja, hata neno lake la amani hutiliwa shaka.

Kila upande una kazi yake. Wazee wanaweza kuwazuia vijana wasichukue silaha, na kuwakumbusha ni nani ndugu zao wa gichiaro, jambo ambalo wengi wao hawajapata kufunzwa. Serikali nayo yapaswa kupima ardhi kwa haki na bila ya kuchelewa. Ikichelewa, wazee watabaki wakiomba subira kwa watu wasiojua watasubiri hadi lini.