Ugali bila sahani: Meza ya Waitaliano na sinia la Ufipa

Sumbawanga. Mzazi wa Ufipa akialikwa chakula cha jioni na familia ya wakulima katika milima ya Abruzzo, katikati ya Italia, anaweza kudhani wenyeji wake wamesahau sahani. Mezani pana glasi, uma wa kila mtu, na ubao mmoja mpana, ule wanaousukumia unga wa tambi. Basi.

Kisha sufuria inatoka jikoni. Mwenye nyumba anamimina ugali wa njano, laini, moja kwa moja juu ya ubao na kuusambaza kwa mwiko mpaka unene wa kidole. Juu yake unamwagwa mchuzi wa nyanya uliochemka kwa saa kadhaa pamoja na soseji na mbavu za nguruwe, halafu inanyunyizwa jibini ya maziwa ya kondoo iliyokunwa. Babu, mjukuu, jirani na mgeni wanakaa kuuzunguka ubao, kila mmoja anaanza kula upande wake akielekea katikati.

Chakula hicho ni polenta, na ulaji huo wa kwenye ubao wanauita "alla spianatora", kwa jina la ubao wenyewe. Mfipa hahitaji kuelezwa zaidi. Ni ugali wa mahindi, na ni sinia moja.

Tofauti zipo, lakini ni za jikoni. Unga wao ni wa chengachenga na husongwa taratibu kwa dakika 40 hadi saa nzima. Kaskazini, huko Bergamo na Veneto, hupikwa mgumu zaidi, hupinduliwa juu ya ubao kama wetu unavyopinduliwa kwenye sahani, kisha hukatwa kwa uzi badala ya kisu. Na rangi ya njano haimsumbui mtu. Hapa nchini wazee bado wanaukumbuka ule ugali wa njano wa miaka ya 1970, uliobatizwa jina la Yanga, na wengi hawakuukumbuka kwa mapenzi.

Hata historia inafanana. Mahindi asili yake ni Amerika, na yalifika Italia katika karne ya 16. Kabla ya hapo wakulima wa huko walisonga ugali wa nafaka ndogondogo, wa maharage mapana, hata wa njugu za milimani. Ufipa nako mfalme alikuwa ulezi, uliolimwa kwa kupokezana na maharage kwenye matuta ya nyasi zilizofukiwa, ntumba. Ugali wake mwekundu bado unapikwa, ingawa mahindi ndiyo yaliyoshika mashamba na meza.

Nani anafika katikati?

Wazee wa Italia wana simulizi moja kuhusu ubao huo. Enzi za umaskini, nyama ilikuwa kidogo, ikawekwa katikati. Aliyekula haraka alijichimbia njia ya ugali mtupu mpaka akaifikia soseji. Aliyechelewa alishiba ugali. Kaskazini husimuliwa jambo kali zaidi: samaki mmoja wa chumvi aliyening'inizwa kwa uzi juu ya meza, na kila mtu akigusisha kipande chake cha ugali ili upate ladha, kisha samaki akabaki kwa ajili ya kesho.

Leo wanayasimulia wakicheka. Lakini mzazi mwenye mtoto wa miaka miwili anaona haraka nani asingefika katikati.

Na kweli kulikuwa na gharama. Katika karne ya 18 na 19, maelfu ya wakulima wa kaskazini mwa Italia waliokula polenta asubuhi, mchana na usiku, bila maziwa, nyama wala maharage ya kutosha, walianza kuugua. Ngozi ilikauka na kubabuka penye jua, wakaharisha, wengine wakachanganyikiwa akili na kufa. Mwaka 1771 daktari Francesco Frapolli wa Milan aliuandika ugonjwa huo kwa jina la wanakijiji wenyewe, pelagra, yaani ngozi iliyokwaruza.

Ilichukua hadi mwaka 1937 kwa mwanasayansi Conrad Elvehjem wa Marekani kuonyesha kilichokosekana: niasini, mojawapo ya vitamini za kundi B. Mahindi yanayo, lakini imefungwa, mwili hauipati vizuri. Wenyeji wa Amerika walikuwa wakichemsha mahindi kwa maji ya chokaa au majivu, na hilo liliifungua. Wazungu walichukua mbegu wakaacha maarifa.

Mkoa wenye ghala, watoto wafupi

Rukwa haina njaa ya mahindi. Ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi. Hata hivyo, Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu asilimia 50 ya watoto wa mkoa huu walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Ni nafuu kidogo kuliko asilimia 56 ya utafiti wa 2015-16, lakini bado ni karibu mtoto mmoja katika kila wawili.

Udumavu si pelagra. Unatokana na mambo mengi, yakiwamo maradhi ya mara kwa mara, maji yasiyo salama na lishe ya mama akiwa mjamzito. Msimu wa kilimo nao una lake: mama anatoka alfajiri, uji wa mtoto unabaki na dada yake wa miaka saba. Ila sehemu moja ni ileile ya ubao wa Abruzzo. Mtoto ameshiba ugali, na kilichokuwa katikati hakumfikia.

Na hicho cha katikati kipo. Kuna maharage na karanga za Ufipa, alizeti, mboga za maboga, dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika, mayai ya kuku wa uani ambayo mara nyingi huuzwa trei nzima bila hata moja kuonjwa nyumbani.

Hesabu ya tumbo la mtoto ni ndogo kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Mtoto wa kilo 8 hubeba takriban mililita 240 kwa mlo, kikombe kimoja cha chai. Kikijaa uji mwepesi wa mahindi, hakuna nafasi ya kingine. Ndiyo maana kuanzia miezi 9 hushauriwa ale mara tatu hadi nne kwa siku na kitu kidogo katikati, huku akiendelea kunyonya, na apewe bakuli lake mwenyewe ili anayemlisha aone amekula nini na amebakiza nini. Kwenye sinia la wote hilo halionekani.

Jioni ya ubao nyumbani

Hakuna sababu ya kulivunja sinia. Anayetaka kujaribu ubao wa Waitaliano Sumbawanga anavyo vyote isipokuwa jibini, na karanga zilizokaangwa na kutwangwa zinaziba pengo hilo vizuri tu. Unga wa dona kikombe kimoja kwa maji vikombe vinne, chumvi kidogo, moto mdogo, mwiko usipumzike sana kwa nusu saa. Ugali uwe wa kumiminika. Mchuzi ni nyanya, vitunguu na karoti katika mafuta ya alizeti, pamoja na nyama ya kusaga, au maharage yaliyoiva sana na dagaa. Wasiokula nguruwe hawakosi kitu.

Bakuli la mdogo lijazwe kwanza, kabla ubao haujaenda mezani: ugali laini, maharage yaliyopondwa, dagaa waliosagwa, kijiko cha mafuta. Kwa wakubwa wake, mpishi anaweza kuugawa ugali kwa ncha ya mwiko, kila mtoto na kipande chake, nyama ikiwa tayari juu. Baba naye ana kipande chake, si katikati yote. Ugali ukiwa bado unatoa moshi, mikono midogo isubiri. Baridi ya Juni Ufipa itaupoza mapema.

Mbio zibaki kwenye sufuria. Ule ugali uliogandia chini, watoto wa Italia hugombania kuubandua na kuutafuna, wakiuita "crosta". Watoto wa Sumbawanga nao wanaujua. Kwao ni ukoko.